Debe Nyuma ya Pazia

Kwa miaka kadhaa niliamini, tena nikiwa na akili zangu timamu, kwamba kaka yangu mkubwa amefichwa nyuma ya pazia na bendi moja ya Wazungu. Anawapigia ngoma, ila haruhusiwi kutokea mbele za watu, maana watazamaji wakimwona watajua kwamba hesabu zote za muziki ule zimetoka bonde la Rufiji, na watadai warudishiwe viingilio vyao. Analishwa vizuri, niliambiwa. Wali wa nazi kila siku. Ila pazia haliondolewi.

Aliyeniambia ni kinyozi wa pale stendi ya Kibiti, mtu ambaye hajawahi kukitoa nywele kichwa cha mtu bila kukitia kitu kingine ndani. Meza yangu ya kuchajia simu ilikuwa mlangoni pake, kwa hiyo mimi nilijazwa kila siku, nywele ziwepo zisiwepo.

Ili umwelewe mtu mzima mwenye ndevu aliyeamini jambo hilo, inabidi kwanza ulijue debe.

Kwetu ni Ngorongo. Mpunga ukianza kutoa masuke watu wanahamia mashambani, kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti mirefu. Kazi ni kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, tangu alfajiri, na jua likishuka kuwahi nguruwe pori. Silaha yenyewe ni kelele: debe tupu na kijiti. Na kila dungu lina pigo lake. Hakuna mkutano uliokaa kugawa mapigo, lakini ukiwa kijijini, ng'ambo ya mto, ukasikia debe, unajua ni la nani, na unajua kwamba hajambo. Pigo la mtu likikosekana asubuhi, kuna anayetia mtumbwi majini kwenda kutazama.

Pigo la dungu letu lilichechemea. Ta-ta, tata-ta, halafu kimya cha kumeza mate, halafu moja la nguvu, kama mtu aliyekumbuka kwamba kaacha chungu jikoni. Madungu yote ya majirani yalipiga sawasawa, la kwetu lilipiga kama linavuka tope. Baba alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Shambani walikaa mama na kaka, mimi nikabaki kijijini na bibi kwa ajili ya shule. Kila alfajiri bibi alisimama uani, kanga kichwani, anasikiliza ng'ambo. Debe likilia anasema, "Haya, wazima hao. Kanawe uende shule."

Kaka akija kuchukua chumvi alinipiga kofi la bega. "Umenisikia leo? Lile la mwisho limeangusha ndege wanne kwa mshtuko tu. Wawili walikuwa hawajala."

Nilimwamini. Katika nyumba yetu ukweli ulikuwa kitu cha kupikiwa viungo.

Basi kaka akakua, akaenda Dar es Salaam, akapata kazi melini. Simu zake zilitoka kwenye bandari ambazo hata yeye alizitamka kwa kubahatisha. Ya mwisho alicheka sana, akasema huko baridi inakata masikio yanaanguka chini unayaokota. Baada ya hapo namba ikawa haipatikani. Wenzake hawakuwa na jibu. Ofisi ya watu wa meli ikawa inatuambia tusubiri, tukasubiri mpaka ofisi yenyewe ikahama.

Sanduku la kwanza nililiona sokoni Kibiti, chini ya makalio ya muuza mitumba. Alikuwa amefungua marobota ya makoti ya baridi, Kibiti, kwenye joto la kuivisha yai mfukoni, na ndani ya robota moja mlikuwa na sanduku jeusi gumu, limejaa sidii na kijitabu kinene. Makoti hayakununuliwa, sanduku likawa kiti. Nililitaka kwa sababu ya picha za kwenye kijitabu: wanaume wa Kizungu wamekaa jukwaani na vyombo vyao, sura za watu wanaosubiri majibu ya hospitali, na nyuma yao pazia jeusi kutoka juu mpaka chini.

Kinyozi alikuwa na deki ya gari iliyofungwa kwenye betri. Tukatia sidii ya kwanza. Mungu anisamehe, kelele zile zingemtoa kiboko majini na mikono juu. Gita moja linakwenda Lindi, jingine linarudi Dar, saksafoni inalia kama mbuzi aliyesahauliwa juani. Mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja akainuka na shuka lake shingoni.

"Zima bwana! Hao wanagombana!"

"Kaa chini," kinyozi akamwambia. "Ndiyo muziki wa watu waliosoma."

"Mimi nimeishia la saba, nyoa kwa sauti ya la saba."

Mkono wa kinyozi ulikuwa unakwenda kuzima. Hapo gita zote zikanyamaza, ikabaki ngoma peke yake. Ta-ta, tata-ta. Kimya cha kumeza mate. Moja la nguvu.

Simu ya mteja iliniponyoka mkononi ikafunguka vipande vitatu. Nikasema, au nilipiga kelele, watu wa stendi wana maelezo tofauti: "Hilo debe la kwetu! Huyo ni kaka yangu!"

Wakacheka. Kinyozi hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Alifikiri kidogo, mashine inanguruma hewani, akasema, "Sasa naelewa. Nilimsikia baharia mmoja hapa hapa, anasema kuna mtu wa Rufiji amechukuliwa na bendi huko Ulaya, wamemweka nyuma ya pazia." Kufikia jioni pazia lilikuwa na mlinzi. Kesho yake kulikuwa na wali wa nazi.

Wewe ungefanya nini? Kwetu debe likilia maana yake mtu ni mzima. Nililelewa hivyo. Nilikuwa nimekaa miaka sijui kama ndugu yangu yuko juu ya ardhi au chini ya maji, na sasa debe limelia.

Nikawa mkusanyaji. Nadhani katika wilaya nzima, kutoka barabara ya lami mpaka visiwa vya delta kwenye mikoko, hapakuwa na mwingine, na sijasikia malalamiko kwamba tulihitajika wengi. Bendi yenyewe ilikuwa na tabia ya ajabu. Kila onesho walilofanya walilirekodi, wakaziweka rekodi ghalani, na uzeeni wakaanza kuzitoa kwa masanduku, kila sanduku kipindi chake. Kwenye simu hazikuwapo, walikataa. Ukitaka kusikia, utafute sanduku. Muuza mitumba akawauliza watu wake wa Dar es Salaam, akaniletea la pili limepigwa kona na maji. Nikalikausha juani kama dagaa. La tatu lilikuja na sidii moja pungufu, na ile pungufu nikaiota kwa wiki kadhaa, kwa sababu ilikuwa ndiyo yenye onesho refu kuliko yote, na nani ajuaye kaka alisema nini humo.

Maana nilianza kumsikia anasema. Wimbo mmoja waliupiga kila mji, na hawakuupiga namna moja mara mbili. Mahali fulani unakwisha kabla chai haijachemka. Mahali pengine unaweza kuchemsha maharage yakaiva ukaosha na sufuria. Katikati ya wimbo huo kila mara zilinyamaza gita, na kila mara lilikuja lile debe. Likija haraka nilisema leo ana furaha. Likija taratibu nilisema leo anaumwa, na sikula. Kulikuwa na rekodi moja mbaya, iliyochukuliwa na mtu aliyekaa kwenye viti, inavuma kama nyuki, mzee anakohoa karibu kabisa na maikrofoni. Niliipenda kuliko zote. Mimi pia ndivyo nilivyomsikia kaka utotoni: kwa mbali, ng'ambo ya maji, na bibi anakohoa.

Nilijiunga na masomo ya jioni kwa ajili ya kile kijitabu. Wenzangu darasani walitaka vyeti, mimi nilitaka kujua wameandika nini kuhusu mtu wa nyuma ya pazia. Nilijifunza Kiingereza kwa njaa ya fisi. Nikafaulu, na leo cheti kimetundikwa kwenye ukuta wa mama juu ya kalenda, lakini siku nilipoweza kusoma kurasa zile mwenyewe nilikuta jina la mpiga ngoma ni la Kizungu tupu. Nikaenda na kijitabu kwa kinyozi.

"Walimbadilisha jina, msomi," akasema bila hata kugeuka. "Ulitaka waandike la kwenu?"

Ikaniingia akilini kama maji kwenye mchanga.

Wakati huo huo nyumbani kulikuwa na jambo lake. Baba mdogo, ndugu yake baba, alikuwa anataka tumsomee kaka hitima. Si kwa ubaya. Alikuwa mtu wa msikiti, na ilimuuma kwamba marehemu anaombewa na kila mtu isipokuwa ndugu zake. Kila mara nilimzuia.

"Baba mdogo, subiri sanduku linalokuja."

"Sanduku gani tena? Mtoto wa ndugu yangu yumo kwenye sanduku?"

"Yumo kwenye muziki, baba mdogo. Nimemsikia."

"Mimi namsikia baba yangu kila upepo ukivuma. Nimekwenda kumchimbua?"

Mama aliendelea na ungo wake, anapeta mchele, pumba zinaruka. Mimi nilidhani ananiunga mkono.

Mwisho baba mdogo akaweka Ijumaa moja baada ya mavuno. Nikakubali kwa mdomo, moyoni nikapata homa. Hitima ikishasomwa, kaka atakuwa amekufa, hata kama yuko Ulaya anakula wali. Hivyo ndivyo nilivyoona. Watu wataacha kumtaja kwa jina, watasema marehemu. Nani atakayemtafuta marehemu?

Nilimweleza mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja wa Utete aliyekuja kufundisha na chupa yake ya chai. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Hakucheka, na hakunidanganya.

"Hizi sidii zako zote ni za maonesho ya karibuni," akasema. "Hao jamaa wameanza kupiga kabla kaka yako hajazaliwa. Si wametoa na sanduku la miaka ya mwanzo? Lisikilize hilo. Kama lile debe halimo, basi kuna mtu alikuja nalo baadaye, na mimi nitakuwa wa kwanza kukuombea viza. Kama limo, mwanangu, kaka yako hajawahi kuwa huko."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa matumaini na kisu kwa mkono mmoja namna ile. Yeye mwenyewe akanisaidia kuagiza. Nikawa mkusanyaji wa kwanza duniani anayesali sanduku lake liwe na upungufu.

Sanduku halikuja. Wiki ikapita ikazaa nyingine. Mpunga ukavunwa, ukapigwa, ukaanikwa. Kila basi kutoka Dar es Salaam likisimama stendi mimi niko mlangoni kabla ya abiria, mpaka makondakta wakanipa jina, Mzee wa Mzigo. Nililala na simu kifuani. Nikaanza kukosea chaja za watu. Alhamisi, kesho yake ndiyo hitima, nikapigiwa simu kwamba mzigo umepakiwa asubuhi. Basi likaja. Basi likapita. Kondakta alikuwa amelala, na dereva hakuwa na habari zangu. Nililikimbilia barabarani mpaka viatu vikabaki nyuma. Kusini nzima ilikuwa mbele yake.

Nilimpigia kondakta mpaka akaamka, wako Nangurukuru.

"Oya Mzee wa Mzigo, lina nini hili? Zito kama tofali."

"Lina ndugu yangu."

Akasema, kwa adabu mpya kabisa, "Pole sana. Nalirudisha na gari la alfajiri. Nitalipakata."

Akalipakata kweli, Mungu ampe kheri. Ijumaa asubuhi nikalipokea Ikwiriri, nikapanda bodaboda kwenda Ngorongo, deki ya kinyozi na betri yake mapajani, sanduku limebanwa kati yangu na dereva. Kwa kila shimo nilisema bismillahi kwa niaba ya sidii. Tulipofika nikasikia harufu ya pilau kabla ya kuona nyumba. Majamvi yalikuwa yametandikwa uani. Shehe amekwisha kaa, juzuu zimegawiwa.

Baba mdogo alinitazama vumbi jinsi lilivyonipaka, akatazama deki, akajua.

"Leo hapana," akasema. "Leo usiniaibishe mbele ya watu."

"Wimbo mmoja tu, baba mdogo. Mmoja. Ukiisha, someni. Nitapakua pilau kwa mikono yangu." Nilikuwa nimepiga magoti bila kujua, mtu mwenye cheti. "Kama debe halimo, si mtakuwa mnamsomea mtu aliye hai?"

Shehe akakohoa. Aliyesema ni mama, kutoka kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi.

"Mwacheni apige. Na mimi sijawahi kuusikia."

Kweli, hakuwahi. Miaka yote hiyo nilimsimulia, sikumpigia. Nilitaka siku nikimpigia niwe na uhakika.

Nikaunga waya, nikatafuta ule wimbo kwenye kijitabu. Ulikuwamo, toleo lao la kwanza kabisa, onesho la ukumbi mdogo. Watu waliopiga makofi hawakujaza hata jamvi moja la pale uani. Gita zikaanza. Walikuwa vijana wakati ule, walikimbia zaidi. Wazee wa Ngorongo walisikiliza wameinamisha vichwa kama wanaosikiliza habari ya msiba, na mmoja akanong'ona, "Huyu mwenye tarumbeta anaumwa?" Mtu akamziba mdomo. Mama alitoka jikoni akaja akakaa chini karibu na deki, miguu ameinyoosha, mwiko bado umeshikwa.

Gita zikanyamaza.

Nilifumba macho. Nilisema, Ya Rabi, lisiwemo. Lete kitu kingine chochote, kengele, kinubi, mbwa. Lisiwemo.

Ta-ta, tata-ta. Kimya. Moja la nguvu.

Lilikuwamo lote, zima, halikupungua hata kijiti, kabla kaka yangu hajazaliwa. Wimbo ukaendelea ukaisha, ile hadhira ndogo ikapiga makofi. Nikaanza kuongea. Nilisema pengine wamekosea mwaka. Nilisema wachapaji wanakosea, hata kwenye kitambulisho changu walikosea. Nilisema sidii zinaweza kuchanganywa kiwandani, tupige ya pili, kuna ya pili, kuna ya tatu, haraka tu, kabla ya sala. Niliongea kama mtu anayezoa maji kwa ungo, na nilikuwa naona nyuso zikinionea huruma, jambo ambalo ni baya kuliko kuchekwa. Baba mdogo alikuwa amegeukia ukutani anajifuta macho kwa kilemba.

Mama akaweka mwiko chini. Akageuza lile sanduku, akavuta kifuniko chake kigumu, akakipiga kwa vifundo vya vidole. Ta-ta, tata-ta. Akangoja. Akapiga la mwisho, na mkono wake wa kulia ulikawia palepale, kwa sababu bega lile halijanyooka tangu alipoanguka kisimani kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimeliona bega hilo maisha yangu yote.

"Mwanangu," akasema, "kaka yako hajapiga debe hata siku moja. Alikuwa analala. Nilikuwa napiga mimi."